Baada ya upasuaji wa kupunguza tumbo: sato, dagaa au unga wa kopo? Ulinganisho kwa sisi tunaoishi Mwanza

Binti Nyegezi (mwanzisha mada)

Wanajukwaa, salaam, na wakubwa zangu shikamooni. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 41, na ninaishi Nyegezi. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo jijini Dar es Salaam, ule ambao daktari huondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa tumbo na kubakiza sehemu nyembamba mfano wa ndizi. Kidonda kimefunga vizuri na mizani inashuka, kwa hiyo upande huo sina la kulalamika. Kinachonisumbua ni jiko.

Karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa inaeleza hatua zote kwa ufasaha: vimiminika vyepesi siku za mwanzo, kisha maziwa na supu iliyochujwa hadi mwisho wa wiki ya pili, vyakula vilivyosagwa wiki ya tatu na ya nne, vyakula laini wiki ya tano na ya sita, na baada ya hapo chakula cha kawaida kidogo kidogo. Inanitaka nipate gramu 60 hadi 80 za protini kila siku na maji yasiyopungua lita moja na nusu. Shida yangu ni mifano iliyotolewa, maana ni ya jiko la watu wengine kabisa: jibini laini, mtindi ulioondolewa mafuta, nyama ya bata mzinga. Nimezunguka maduka ya mjini nusu siku nzima nikarudi na kikopo kimoja cha jibini, na mume wangu aliposikia bei yake aliuliza kama ndani kuna dhahabu ya Geita. Wakati huohuo, mtaa wa pili kutoka kwangu sato wanauzwa wakiwa bado wanapiga mkia kwenye beseni.

Kwa protini naona njia tatu mbele yangu, yaani samaki wa ziwa letu, unga wa protini wa kopo ambao vijana wa mazoezi huununua mjini, na maharage, choroko, mayai na maziwa ya mgando. Ningependa kusikia kutoka kwa aliyezijaribu zote. Jambo la pili ni ugali. Nimezaliwa Sengerema, na kwetu mtu ambaye hajala ugali huhesabiwa kwamba hajala, hata kama amemaliza sahani mbili za wali.

La tatu ni kwamba ushauri ninaopewa unagongana. Mmoja ameniambia kwamba kijiko cha asali kitanilaza chini, mwingine anasema anakula embe bivu kila jioni na hajawahi kudhurika. Mmoja anameza vidonge vinne vya vitamini na madini kwa siku, mwingine kimoja. Kwa hiyo naomba kila atakayejibu ataje alifanyiwa upasuaji wa aina gani, na ni muda gani umepita.

Mama Kulwa wa Kirumba

Hongera na pole, mdogo wangu. Mimi nilifanyiwa kama wewe, wa kukata tumbo, na sasa ni mwaka wa tatu. Ninauza samaki karibu na mwalo wa Kirumba, kwa hiyo usishangae nikianza na samaki na nikamaliza na samaki.

Kwa wiki yako ya tano, sato hana mpinzani. Nyama yake ni laini, ikichemshwa huachana yenyewe vipande vipande, na haina mafuta mengi. Mimi huchemsha kipande cha mgongoni kwa tangawizi, nyanya iliyomenywa na chumvi kidogo, kwa dakika kumi au kumi na tano tu, kisha hukitoa na kukiweka kwenye sahani bapa. Hapo naondoa ngozi, nakibonyeza kwa uma hadi kilegee, halafu napitisha ncha za vidole taratibu kutafuta miiba, kama mtu anayechambua mchele. Usiyaamini macho, amini vidole. Ukimaliza, mwagia vijiko viwili vya mchuzi wake na ule kwa kijiko cha chai, ukiweka kijiko chini kila baada ya kumeza. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kilinitosha kabisa wakati huo, na kukimaliza kulinichukua dakika ishirini na tano.

Jihadhari na sato wa jana. Akipashwa moto hukauka, na kinachokauka hukwama. Nilikuwa najiuliza kwa nini samaki yuleyule aliyepita salama mchana ananigomea asubuhi, hadi nilipoelewa kwamba tumbo halimkatai samaki, linakataa ukavu wake.

Sangara ana faida ya minofu minene isiyo na miiba midogo, na supu yake inashiba. Ila akiiva kupita kiasi nyuzi zake huwa ngumu, na ana mafuta kumzidi sato, kwa hiyo mimi nilimsubirisha hadi mwezi wa tatu. Sangara wa kukaanga msahau kabisa kwa sasa. Furu ni mtamu lakini ni miiba mitupu. Kambale na kamongo sikuwahi kuwapenda hata kabla ya upasuaji, kwa hiyo wengine watasema.

Dagaa ndio ninaotaka kuwatetea, maana watu huwadharau. Kwa kuwa mtu humla dagaa mzima pamoja na mifupa yake, anapata protini na kalsiamu kwa pamoja, na kwa bei ambayo haimtishi mtu. Ubaya wake ni mchanga. Wakianikwa chini ufukweni, mchanga huingia, na kwenye tumbo jipya punje moja utaisikia. Tafuta walioanikwa kwenye vichanja, hata kama muuzaji ataongeza bei kidogo. Toa vichwa, osha kwa maji ya vuguvugu mara tatu, kaanga kwenye sufuria kavu hadi wakatike ukiwavunja, twanga, kisha chekecha. Vijiko viwili vya unga huo kwenye uji wa ulezi usio na sukari, au kwenye mchuzi wa mchicha uliosagwa, ndivyo vilivyonivusha mwezi wa pili.

Jambo la mwisho kwa leo: jifunze dalili yako ya kushiba. Haitakuwa ile ya zamani ya tumbo kujaa. Wengine hupata kwikwi, wengine hubanwa chini ya kifua, mimi pua huanza kutiririka. Ikishatiririka, hata kama kimebaki kijiko kimoja, nakiacha. Nikikiongeza, nakimbilia nje.

Kijana wa Mkolani

Nimefanyiwa upasuaji huohuo wa kukata tumbo, miezi minane iliyopita. Shikamoo Mama Kulwa, na kwa heshima zote naomba kuutetea unga wa kopo, maana naona unataka kusahauliwa.

Wiki tatu za mwanzo sikuweza kuvumilia harufu ya samaki hata ikipikwa kwa jirani. Ladha hubadilika baada ya upasuaji. Nilichokipenda kikawa kinanichefua, na maji yenyewe yalikuwa na ladha ya chuma. Katika hali hiyo, gramu 60 za protini utazitoa wapi? Kijiko kimoja kikubwa cha unga huo, kile kinachokuja ndani ya kopo, kwa kawaida hutoa gramu 20 hadi 25, na unakunywa taratibu kwa saa nzima bila kutafuna. Kuzipata gramu hizo kwa mayai ungehitaji mayai manne, kwa kuwa yai moja lina kama gramu 6. Kwa maziwa ungehitaji karibu glasi tatu, na si kila mmoja wetu anayaweza maziwa mabichi baada ya upasuaji. Mimi yalinivuruga tumbo, ila ya mgando yalinikubali.

Tahadhari ni moja. Makopo mengi yanayouzwa yamekusudiwa watu wanaotaka kuongeza mwili, na mengi ya aina hiyo yamejaa sukari. Soma maandishi madogo ya nyuma: ukiona wanga ni nyingi kuliko protini, rudisha kopo rafuni. Mimi niliuacha unga mwezi wa pili nilipoanza kumudu samaki, na sijaurudia. Kwa mtazamo wangu unga ni daraja la kuvukia. Ukishavuka, hakuna haja ya kujenga nyumba juu yake, hasa ukizingatia kwamba kopo moja lilinigharimu sawa na kitoweo changu cha wiki mbili.

Babu wa Bwiru

Marahaba, wajukuu zangu. Mimi ninawazidi kwa umri na kwa aina ya upasuaji. Nilikwenda India miaka saba iliyopita kwa sababu ya kisukari, na nikafanyiwa ule wa mchepuko. Vijana msicheke, hili ni neno la barabara kabla halijawa la mambo yenu. Maana yake ni kwamba daktari hutengeneza kifuko kidogo sana juu ya tumbo, cha ujazo wa mililita 30 hivi, akakiunganisha moja kwa moja na utumbo mdogo, hivyo chakula hakipiti tena kwenye sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo.

Hapa ndipo lilipo jibu la Binti Nyegezi kuhusu ushauri unaogongana. Aliyekuonya kuhusu asali yawezekana ni mwenzangu wa mchepuko. Kwetu sisi, sukari ikimezwa huteremka kwa kasi kwenye utumbo mdogo, huvuta maji, na ndani ya dakika kumi hadi thelathini moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, tumbo linanyonga na kuhara kunafuata. Kwa baadhi ya watu kuna awamu nyingine saa moja hadi tatu baadaye, ambapo sukari ya damu hushuka ghafla na mtu akatetemeka. Kwenu mliokatwa tumbo jambo hili si kwamba haliwezi kutokea, lakini huwa dogo. Mla embe wako bila shaka ni wa kundi lenu.

Mimi nilijifunza kwenye harusi ya mpwa wangu pale Pasiansi. Nililetewa glasi ya juisi ya embe, nikaona kuikataa ni utovu wa adabu, nikainywa yote. Hotuba ya bwana harusi sikuisikia. Nilikuwa nimekaa nyuma ya hema, shati limelowa, nimeegemea kreti za soda, na bibi yenu akinipepea kwa kadi ya mwaliko huku akiniuliza mbele za watu kama nimekunywa pombe. Na kwa kuwa amelitaja: baada ya mchepuko pombe hupanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo mno, kwa hiyo mimi niliiacha kabisa.

Kuhusu vidonge, tofauti ni ileile. Kwa kuwa chakula changu kinaruka sehemu ya utumbo inayofyonza madini ya chuma na kalsiamu, na vitamini B12 nayo hainyonywi kama zamani, vidonge vyangu ni vya maisha na kila baada ya muda nachomwa sindano ya B12. Lakini msidhani ninyi mmesamehewa. Tumbo lililokatwa pia linatoa kidogo kile kinachohitajika ili B12 inyonywe, na chakula chenyewe ni kidogo. Anayemeza kimoja tu kwa siku amuulize daktari wake, asiniulize mimi.

Faida yangu moja dhidi yenu ni kiungulia. Mimi kilikwisha, ilhali upasuaji wa kukata tumbo mara nyingi hukizidisha kwa aliyekuwa nacho.

Mwalimu wa Igoma

Nitakuwa mfupi, kwa sababu mimi sikupasuliwa. Niliwekewa puto tumboni kwa njia ya mdomo, likajazwa maji, likakaa miezi sita, kisha likatolewa. Siku nne za mwanzo nilitapika hadi nikajuta. Baada ya hapo nilikula kidogo bila kujilazimisha na nikapungua kilo 14.

Puto lilipotolewa, njaa yangu ya zamani ilirudi ikiwa imepumzika vizuri. Katika mwaka uliofuata nilirudisha kilo 9. Tofauti kati yangu na ninyi mliokatwa tumbo, kama nilivyoelezwa, ni kwamba sehemu ile iliyoondolewa kwenu ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa, na kwangu bado ipo yote. Kwa hiyo Binti Nyegezi, mwaka huu wa kwanza ambao njaa yako imenyamaza ndio wa kujifunzia kula. Mimi nilikuwa na miezi sita nikaitumia kusherehekea.

Mke wa Mkulima, Magu

Mimi sikufanyiwa chochote. Mume wangu ndiye aliyefanyiwa, wa kukata tumbo, mwaka jana. Naandika kama mpishi wake, kwa kuwa swali la ugali hamjaligusa na mimi ndilo lililoniliza.

Tumejaribu aina zote. Ugali wa muhogo ndio mbaya kuliko wote kwa mtu wa hali hii, kwa sababu unanata na kuvutana, na tonge likishuka halivunjiki. Alipolijaribu mwezi wa tatu alikaa saa nzima amejikunja, anatema mate ya povu. Ugali wa sembe nao hujikusanya, ila si kama wa muhogo. Uliomkubali mwishowe ni wa mtama uliochanganywa na dona, nikiusonga mlegevu karibu na uji mzito, naye akila tonge lisilozidi punje ya karanga. Wali unavimba, hasa ukiwa haukuiva vizuri. Kiazi kitamu kilichopondwa na maziwa ya mgando kilipita bila taabu kuliko vyote, na hata michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga hadi ikalegea ilimfaa, ingawa ina utamu mwingi na hatukuizoea. Matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, ya kutafuna makavu nimemficha, maana hayo huvimba yakifika kwenye maji.

Hata hivyo jambo lililotuokoa halikuwa aina ya ugali bali utaratibu. Samaki kwanza, mboga baadaye, na ugali mwishoni kama nafasi ipo. Mara nyingi haipo. Kwetu sisi tuliozoea tonge ndilo linalobeba kitoweo hadi mdomoni, kula samaki kwa kijiko bila ugali kulionekana kama mchezo wa watoto, na alihitaji miezi miwili kuacha kuutafuta ugali kwa mkono. Vilevile maji: hanywi pamoja na chakula, na anasubiri nusu saa baada ya kula ndipo aanze kunywa kwa mafunda madogo. Na joto letu hili la mchana, hilo ndilo zoezi gumu kuliko yote. Anatembea na chupa yake kama fundi na futi kamba.

Kuhusu sinia la pamoja, tulilazimika kumtengea sahani yake, ya kisosi. Mama mkwe alipokuja na kuona mwanawe analishwa kwenye kisosi, alilia. Aliniuliza kama nimechoka kumpikia mtoto wa watu. Sikujua nicheke au nilie naye. Mume wangu alimshika mkono akamwonyesha daftari lake la kisukari, zile namba za kabla na za sasa, na bibi ambaye hajui kusoma akataka asomewe moja baada ya nyingine hadi mwisho.

Muuguzi Mstaafu

Nimewasoma wote, na kwa sehemu kubwa mmesema vizuri. Mimi nilifanya kazi wodi ya upasuaji kwa miaka 31, na naomba niongeze yale ambayo jiko peke yake haliwezi kuyatibu.

La kwanza ni kutapika. Kutapika mara moja kwa sababu ya tonge lililokwama ni jambo la kawaida, lakini mtu anayetapika siku kadhaa mfululizo, hata kama mizani inashuka kwa namna inayomfurahisha, asikae nyumbani. Vitamini B1 haikai mwilini muda mrefu. Ikipungua sana, miguu hufa ganzi, mtu huyumba, macho huona viwili, na ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Akifika hospitali aseme mapema kwamba alipasuliwa tumbo, kabla hajatundikiwa dripu ya sukari, kwa sababu B1 inapaswa kutangulia. Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyetokea kituo kimoja cha afya ambako alipewa dripu tatu na dawa za minyoo, kwa kuwa aliona aibu kusema kwamba alilipa fedha apunguzwe tumbo. Aibu hiyo ilimgharimu miezi sita ya mazoezi ya kutembea.

La pili ni dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huuzwa kila duka la dawa kama karanga, zinaweza kusababisha vidonda kwenye tumbo jipya, na hatari ni kubwa zaidi kwa wa mchepuko kama Babu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi kwa maumivu ya kawaida.

La tatu ni mpangilio wa vidonge na chai. Madini ya chuma na kalsiamu hugombania njia, kwa hiyo yatenganishwe kwa angalau saa mbili. Na chai ya rangi, tunayoinywa Mwanza kuanzia alfajiri, huzuia chuma kunyonywa. Meza chuma na kitu chenye vitamini C, na chai isubiri. Nywele zikianza kunyonyoka kati ya mwezi wa tatu na wa sita usitafute mganga. Mara nyingi hurudi, mradi protini inatosha.

La nne ni kwa akina mama, na Binti Nyegezi una umri wa kuhusika. Uzito ukishuka, uwezo wa kushika mimba hurejea haraka kuliko mtu anavyodhani, ilhali inashauriwa kusubiri miezi 12 hadi 18. Waliofanyiwa mchepuko wasitegemee vidonge vya uzazi wa mpango, kwa kuwa huenda visinyonywe vizuri. Wazungumze na mtaalamu kuhusu njia nyingine.

Na wale wanaotumia dawa za kisukari au shinikizo la damu: kipimo cha dawa ulichokuwa nacho kabla ya upasuaji huenda sasa ni kikubwa kupita kiasi. Kipunguzwe na daktari, si na jirani. Vipimo vya damu vifanyike mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Huhitaji kusafiri hadi Dar es Salaam kwa ajili hiyo. Beba ripoti yako ya upasuaji, uende nayo hospitali ya rufaa, hapa Mwanza tunayo Bugando.

Kijana wa Mkolani

Mama Muuguzi, asante. Nilikuwa nameza chuma na chai ya rangi asubuhi kwa miezi minane.

Binti Nyegezi (mwanzisha mada)

Nimerudi, sasa ni wiki ya kumi na mbili, na nawiwa kuwaeleza nilichochagua.

Unga wa kopo nilinunua mmoja na bado upo nusu. Nautumia siku ninazoamka nimechefukwa au nikiwa safarini, basi. Maharage yamenifundisha adabu. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva hutoa kama gramu 7 za protini, lakini nusu kikombe hicho kinajaza tumbo langu lote na gesi yake inalijaza mara ya pili. Choroko zilizokobolewa na kupondwa zina afadhali. Asubuhi nakula yai moja lililochemshwa laini, saa nne maziwa ya mgando, mchana sato, alasiri uji wa ulezi wenye dagaa, usiku sato tena au kuku wa kienyeji aliyechemka hadi nyama inaachana na mfupa. Siku nyingi nafika gramu 60, na siku nyingine naishia 50. Naziandika ukutani jikoni kwa chaki. Mwanangu wa mwisho ndiye mkaguzi, na hana huruma.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye msiba Sengerema, na nilikuwa naogopa chakula kuliko nilivyoogopa kilio. Nilikaa na shangazi zangu kwenye mkeka, sinia likaja, ugali wa muhogo juu yake kama kichuguu. Nikakumbuka utaratibu wa dada yangu wa Magu. Nilinawa, nikakaribia, nikawa nachambua samaki kwa vidole polepole, nawachambulia na watoto waliokaa karibu yangu, kidogo kwao, kidogo kwangu. Mkono wangu ulikuwa kwenye sinia muda wote. Hakuna aliyeniuliza kitu, na shangazi mkubwa alinisifu kwamba siku hizi ninajali watoto wa wenzangu.

Mama Kulwa, dagaa wa vichanja wameadimika huku kwetu Nyegezi tangu mvua zianze. Jumamosi nitakuja Kirumba na beseni langu. Kama utakuwepo, niwekee debe moja, na uniambie nije saa ngapi kabla jua halijawa kali, maana na mimi sasa ninatembea na chupa.